Muhimbili Imeshushwa Cheo Lini? Kutatua Mpangilio Mbovu wa Matokeo ya SQL

Ripoti ilikuwa na mistari isiyofika mia mbili, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyeona kasoro. Vituo vya kutolea huduma za afya vilipangwa kwa `ORDER BY ngazi`, agizo la SQL (lugha ya kuhoji kanzidata) la kupanga kwa ngazi, na kila aliyeisoma aliona hospitali kubwa juu, vituo vya afya vikifuata, zahanati chini. Siku moja mkubwa wangu wa kazi akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza: "Hivi Muhimbili imeshushwa cheo lini?" Kweli, ilikaa chini ya Bugando na KCMC. Hospitali ya Taifa chini ya hospitali za kanda!

Kosa lilikuwa la alfabeti. Hospitali ya Kanda, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Hospitali ya Taifa, Hospitali ya Wilaya, Kituo cha Afya, Zahanati: ndivyo K, R, T na W zinavyofuatana, kisha K ya kituo na Z ya zahanati. Kati ya ngazi 6, moja tu ndiyo ilikuwa imekaa pasipo pake. Laiti zingevurugika zote tungeligundua siku ile ile. Mpangilio ulio karibu na sahihi ndio unaoishi muda mrefu bila kushtukiwa.

Hapa chini nimeanza na dalili, yaani kile unachokiona kwenye skrini, kisha sababu na dawa. Mifano ni ya kanzidata za MySQL 8 na PostgreSQL, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo zaidi. Nyingine nitazitaja pale zinapotofautiana. Jedwali letu ni `vituo`, lenye safu za `id`, `jina`, `ngazi` na `wagonjwa`.

## Jana ilitoka sawa, leo imevurugika, na hakuna aliyegusa kitu

Soma kwanza swali lako la SQL mpaka mwisho. Kama halina `ORDER BY`, huna mpangilio. Ulichokuwa nacho ni bahati. Edgar Codd alipoueleza mfumo wa data wa majedwali mwaka 1970, moja ya mambo aliyotaka programu ziachane nayo ni kutegemea mfuatano ambao data imehifadhiwa nao. Jedwali ni gunia la mahindi: punje zote zimo, lakini hakuna ya kwanza wala ya mwisho.

Bahati hiyo hudumu, ndiyo maana inadanganya. Kwenye PostgreSQL, jedwali jipya kwa kawaida hutoa mistari kwa mfuatano ulioiingiza, mpaka siku mtu atakapofanya `UPDATE`. Mstari uliobadilishwa huandikwa kama nakala mpya, mara nyingi mahali pengine, na ghafla kituo namba 3 kinatokea baada ya namba 180. Kwenye MySQL, wengi walizoea `GROUP BY` iwapangie matokeo bila kuombwa. Toleo la 8.0 liliiondoa tabia hiyo, na ripoti zilizokuwa nzuri kwenye 5.7 zikatawanyika siku ya kuhama. Dawa ya yote haya ni moja: andika `ORDER BY`.

Kuna ndugu wawili wa tatizo hili. Wa kwanza ni `WHERE id IN (7, 3, 9)`. Orodha hiyo inachagua tu, haipangi. Kwenye MySQL ongeza `ORDER BY FIELD(id, 7, 3, 9)`. Kwenye PostgreSQL ninayoipenda ni hii:

```sql
SELECT v.*
FROM unnest(ARRAY[7, 3, 9]) WITH ORDINALITY AS o(id, nafasi)
JOIN vituo v ON v.id = o.id
ORDER BY o.nafasi;
```

Wa pili ni `ORDER BY` iliyofichwa ndani ya swali la ndani au ndani ya `VIEW`, yaani swali lililohifadhiwa kwa jina. Swali la nje halina wajibu wa kuuheshimu mpangilio huo. MariaDB huutupilia mbali kabisa kama hauna `LIMIT`, na ule ujanja wa zamani wa `TOP 100 PERCENT` kwenye SQL Server haukupi dhamana yoyote. Panga mwishoni, kwenye swali la nje kabisa, basi.

## Ngazi zinatoka kwa alfabeti badala ya kwa ukubwa

Hii ndiyo iliyoniaibisha. Kanzidata inajua herufi na namba. Haijui kwamba Taifa ni kubwa kuliko Kanda. Ujuzi huo uko kichwani mwa watu, na kazi yako ni kuutoa huko na kuuandika mahali ambapo mashine itausoma. Njia inayofanya kazi kwenye kanzidata zote ni `CASE`:

```sql
SELECT jina, ngazi
FROM vituo
ORDER BY
  CASE ngazi
    WHEN 'Hospitali ya Taifa'         THEN 1
    WHEN 'Hospitali ya Kanda'         THEN 2
    WHEN 'Hospitali ya Rufaa ya Mkoa' THEN 3
    WHEN 'Hospitali ya Wilaya'        THEN 4
    WHEN 'Kituo cha Afya'             THEN 5
    WHEN 'Zahanati'                   THEN 6
    ELSE 99
  END,
  jina;
```

Namba 1 mpaka 6 si namba za safu. Ni uzito tu, na ungeweza kuandika 10, 20, 30. Nalisema hili kwa sababu `ORDER BY 1` ikiwa peke yake humaanisha "panga kwa safu ya kwanza", na wengi hudhani `CASE` inayorudisha 2 itapanga kwa safu ya pili. Haifanyi hivyo.

## Baadhi ya mistari imepanda juu kabisa, au imezama chini

Umeandika `CASE` yako vizuri, lakini zahanati tatu zimekaa juu ya Muhimbili. Tazama mambo mawili.

La kwanza, `ELSE`. Ukiiacha, kila kisichotajwa hupata `NULL`, yaani thamani tupu, na kanzidata hazikubaliani `NULL` ikae wapi. MySQL, SQL Server na SQLite huihesabu kuwa ndogo kuliko vyote, kwa hiyo hupanda juu. PostgreSQL na Oracle huihesabu kuwa kubwa kuliko vyote, kwa hiyo hushuka chini. Ndiyo maana swali lile lile, ukilihamisha kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, hugeuka kichwa chini miguu juu bila kutoa kosa lolote. PostgreSQL na Oracle zinakubali kuandika `NULLS LAST`, na SQLite ilianza kukubali kwenye toleo la 3.30. Kwenye MySQL andika hivi:

```sql
ORDER BY wagonjwa IS NULL, wagonjwa
```

`wagonjwa IS NULL` hutoa 0 au 1, na 0 hutangulia. Waliojaza takwimu wanakuja kwanza, wasiojaza wanasubiri nyuma.

Funksheni ya `FIELD` ya MySQL ina mtego wa aina hiyo hiyo. Ni fupi na tamu kuliko `CASE`, lakini kisichokuwemo kwenye orodha hupata 0, na 0 iko mbele ya 1. Ujanja wake ni kuiandika orodha kinyume, kuanzia Zahanati kwenda Taifa, kisha kuweka `DESC`. Hapo Taifa ina 6 na inaongoza, na wasiojulikana wenye 0 wanabaki mkiani. Kwa upande wa PostgreSQL kuna `array_position`, ambayo hurudisha `NULL` kwa kisichopatikana, na kwa kuwa `NULL` huko hukaa mwisho, mara nyingi unaambulia unachotaka bila jasho.

Jambo la pili ndilo linalonitesa zaidi: thamani yenyewe si ile unayodhani. Mtu ameandika "Zahanati " na nafasi tupu nyuma yake. Mwingine "Kituo Cha Afya", mwingine "Hosp. ya Wilaya". Machoni ni kitu kimoja. Kwenye PostgreSQL, ambayo hutofautisha herufi kubwa na ndogo inapolinganisha maandishi, ni vitu tofauti kabisa. Usikisie, ihoji data:

```sql
SELECT ngazi, char_length(ngazi) AS urefu, COUNT(*) AS idadi
FROM vituo
GROUP BY ngazi, char_length(ngazi)
ORDER BY ngazi;
```

"Zahanati" ina herufi 8. Ukiona 9, umempata mchawi. Safisha kwa `UPDATE vituo SET ngazi = trim(ngazi)`, kisha ukazibe tundu kule data inakoingilia, la sivyo mwezi ujao utakuwa hapo hapo.

## Orodha ile ile imeandikwa kwenye ripoti kumi na mbili

Hii haina dalili kwenye skrini mpaka siku ngazi mpya inapoongezwa, halafu ripoti kumi zinarekebishwa na mbili zinasahaulika. Mimi `CASE` naiandika mara moja. Ikihitajika mara ya pili, mpangilio unahamia kwenye jedwali lake:

```sql
CREATE TABLE ngazi_vituo (
  ngazi  VARCHAR(60) PRIMARY KEY,
  nafasi INT NOT NULL
);

INSERT INTO ngazi_vituo VALUES
  ('Hospitali ya Taifa', 10),
  ('Hospitali ya Kanda', 20),
  ('Hospitali ya Rufaa ya Mkoa', 30),
  ('Hospitali ya Wilaya', 40),
  ('Kituo cha Afya', 50),
  ('Zahanati', 60);

SELECT v.jina, v.ngazi
FROM vituo v
LEFT JOIN ngazi_vituo n ON n.ngazi = v.ngazi
ORDER BY COALESCE(n.nafasi, 9999), v.jina;
```

Namba zinaruka kwa kumi ili ukipata kitu cha kupachika kati ya 40 na 50 uweke 45 bila kuwasumbua wengine. Na `LEFT JOIN` si urembo. Ukiandika `JOIN` tupu, kituo ambacho ngazi yake imeandikwa vibaya hakitapangwa vibaya, kitatoweka kabisa kwenye ripoti, na jumla ya wagonjwa itapungua kimyakimya. Kituo kukaa mahali pabaya ni aibu. Jumla isiyo sahihi inaweza kukupeleka kujieleza mbele ya kamati.

Wapo wanaopenda aina ya data ya `ENUM`. Inapanga kwa mfuatano ulioitangazia, si kwa alfabeti, kwenye MySQL na PostgreSQL pia. Inafaa pale ambapo orodha haibadiliki. Ngazi za serikali hubadilika, kwa hiyo mimi siitumii.

## Juma linaanza Alhamisi

Ratiba ya kliniki, safu ya `siku`, na matokeo yanatoka hivi: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, Jumatatu. Alfabeti tena. Majina ya miezi nayo hufanya vivyo hivyo: Agosti inaongoza mwaka na Septemba inaufunga.

Kabla hujaandika `CASE`, muulize mwenye ratiba juma lake linaanza lini. Kiswahili chenyewe kina jibu lake: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu, mpaka Jumatano ambayo ni tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni siku ya tano, kwa sababu Waarabu walianza kuhesabu Jumapili. Tano mbili katika juma moja! Ofisi huanza Jumatatu. Madrasa inayofungua baada ya mapumziko ya Ijumaa huanza Jumamosi. Na kanzidata zina misimamo yao pia.

Kama una tarehe halisi, usipange kwa jina la siku. Kwenye PostgreSQL, `EXTRACT(ISODOW FROM tarehe)` hutoa 1 kwa Jumatatu hadi 7 kwa Jumapili, ilhali `EXTRACT(DOW FROM tarehe)` huanza na 0 kwa Jumapili. Kwenye MySQL, `WEEKDAY(tarehe)` hutoa 0 kwa Jumatatu, lakini `DAYOFWEEK(tarehe)` hutoa 1 kwa Jumapili. Ukizichanganya, ratiba yako itasogea kwa siku moja, kosa ambalo jicho hulikosa kirahisi. Kwa juma la Kiswahili linaloanza Jumamosi, PostgreSQL inakubali hivi:

```sql
ORDER BY (EXTRACT(DOW FROM tarehe)::int + 1) % 7
```

Jumamosi ina `DOW` ya 6. Ongeza 1 upate 7, gawa kwa 7 na baki ni 0. Inatangulia.

Kwa saa, neno moja tu. Nimeona safu yenye "saa 2:00 asubuhi" na "saa 10:00 jioni" kama maandishi. Saa 10 hutangulia saa 2, na ukichomoa namba peke yake, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku zinakuwa kitu kimoja. Hifadhi 08:00 na 16:00 kwa aina ya `TIME`. Kiswahili kiache kwa programu inayoonyesha.

## Sifuri inaongoza darasa

Kwenye matokeo ya kidato cha nne, daraja la I mpaka la IV na 0 yakihifadhiwa kama maandishi, 0 hutoka juu kabisa, kwa kuwa tarakimu hutangulia herufi. Waliofeli wanaongoza orodha, wazazi wanapiga simu. I, II, III na IV zinafuatana vizuri kwa bahati tu. Mtu akitumia namba hizo za Kirumi kwa sura za kitabu, IX itakuja kabla ya V. Alama za B na B+ nazo hupinduka: B ni fupi, inatangulia, wakati B+ ndiyo bora. Yote haya ni kazi ya jedwali la nafasi kama lile la ngazi.

Ugonjwa wa karibu ni namba zilizohifadhiwa kama maandishi: 1, 10, 11, 2, 20, 3. Kama safu nzima ni namba, ibadilishe aina, na kama huna ruhusa ya kufanya hivyo, panga kwa `CAST(safu AS UNSIGNED)` kwenye MySQL au `safu::int` kwenye PostgreSQL. Hiyo ya PostgreSQL itagoma ikikuta thamani moja tu isiyo namba, na MySQL itaifanya 0 na kuendelea. Binafsi napenda inayogoma.

Kama namba iko ndani ya maneno, "Wodi 2" na "Wodi 10", PostgreSQL kuanzia toleo la 10 inaweza kuzipanga kibinadamu, mradi imejengwa na ICU, maktaba ya kanuni za lugha mbalimbali:

```sql
CREATE COLLATION kwa_namba (provider = icu, locale = 'sw-u-kn-true');
SELECT jina FROM wodi ORDER BY jina COLLATE kwa_namba;
```

Tarehe zilizoandikwa "12/03/2024" kwenye safu ya maandishi hupangwa kwa siku ya mwezi, mwaka ukiwa wa mwisho kuangaliwa. `STR_TO_DATE(safu, '%d/%m/%Y')` kwenye MySQL, `to_date(safu, 'DD/MM/YYYY')` kwenye PostgreSQL. Ni kiraka. Badilisha aina ya safu.

## Ng'ambo iko sehemu mbili

Hili kwetu ni la kila siku. Orodha ya maeneo: Ng'ambo, Ngara, Ngorongoro, Ngudu, halafu chini yake Ng’ambo tena. Tazama kwa makini alama ya ritifaa. Ya juu ni ile iliyonyooka ya kibodi ya kompyuta. Ya chini ni iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe. Kwenye upangaji wa baiti kwa baiti, kama `COLLATE "C"` ya PostgreSQL au SQLite kwa kawaida yake, iliyonyooka ina namba ndogo kuliko herufi yoyote na iliyopinda ina kubwa kuliko herufi zote za alfabeti yetu. Jina moja linakaa ncha mbili za orodha, na anayelitafuta hupata nusu ya rekodi zake.

```sql
UPDATE maeneo SET jina = REPLACE(jina, '’', '''')
WHERE jina LIKE '%’%';
```

Ritifaa nne mfululizo si kosa la uchapaji: mbili za nje ni mipaka, mbili za ndani ni ritifaa moja. Kagua pia kama wapo walioandika kwa alama ya ` iliyo kushoto ya tarakimu 1 kwenye kibodi; wapo. Ukishasafisha, amua kama unataka Ng' zikae pamoja mwanzoni au zichanganyike na Ng nyingine. Kwa kuchanganya, `ORDER BY REPLACE(jina, '''', '')` inatosha.

Upangaji wa baiti ndio pia unaofanya "ZAHANATI" itangulie "kituo": herufi kubwa zote ziko kabla ya ndogo. `ORDER BY lower(jina)` huponya.

Na ikiwa majina yalipangika vizuri mpaka wikiendi ambayo mafundi walipandisha toleo la Linux kwenye seva ya PostgreSQL, mshuku glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Toleo la 2.28, lililokuja na Debian 10 na RHEL 8, lilibadilisha kanuni za kupanga maandishi. Hapo tatizo si sura ya ripoti tu. Faharasa (index) za safu za maandishi zilizojengwa kwa kanuni za zamani zinaweza kushindwa kuona mistari iliyopo, na hata kuruhusu marudio pale ulipoyakataza. Fanya `REINDEX`, yaani zijenge upya, kabla ya lolote.

## Hakuna kosa, na hakuna kilichopangika

Hapa kanzidata imekutii, ila si kwa ulichokusudia. `ORDER BY ngazi AND jina` kwenye MySQL inakubalika: inapiga hesabu ya kweli au si kweli, kisha inapanga kwa jibu hilo. Unataka mkato, si `AND`. `ORDER BY 'jina'` kwenye MySQL inapanga kwa neno lenyewe, ambalo ni lile lile kwa kila mstari, yaani haipangi. PostgreSQL angalau hulalamika. Na `ORDER BY ngazi, wagonjwa DESC` hushusha wagonjwa peke yao. `DESC` ni ya safu iliyo jirani yake, kila safu iandikiwe yake.

Kubwa kuliko hayo ni parameta. Mtumiaji anachagua safu ya kupanga, nawe unaandika `ORDER BY ?` na kupitisha neno "wagonjwa". Parameta hupeleka thamani, haipeleki jina la safu, kwa hiyo umepanga tena kwa neno moja lisilobadilika. Usikimbilie kuunganisha maandishi aliyoyatuma mtumiaji moja kwa moja kwenye SQL. Huo ni mlango uliouacha wazi kwa mwizi. Weka orodha ya majina yanayoruhusiwa ndani ya programu yako, au tumia hivi:

```sql
ORDER BY
  CASE WHEN :panga = 'jina'     THEN jina     END,
  CASE WHEN :panga = 'wagonjwa' THEN wagonjwa END DESC,
  id
```

Kila safu ina `CASE` yake. Ukizibana kwenye `CASE` moja, PostgreSQL itakataa kuchanganya maandishi na namba, na MySQL itazigeuza namba kuwa maandishi, urudi kwenye 1, 10, 11, 2.

## Mstari wa JUMLA umeangukia katikati ya herufi J

Umeunganisha orodha na jumla yake kwa `UNION ALL`. Unajaribu kuweka `CASE` kwenye `ORDER BY` ya mwisho na PostgreSQL inakataa, kwa sababu baada ya `UNION` inaruhusu majina ya safu tu. Funga yote ndani ya swali moja, ukiongeza safu ya kuamua nani akae mwisho:

```sql
SELECT jina, wagonjwa
FROM (
  SELECT jina, wagonjwa, 0 AS mwisho FROM vituo
  UNION ALL
  SELECT 'JUMLA', SUM(wagonjwa), 1 FROM vituo
) AS r
ORDER BY mwisho, jina;
```

Dawa hiyo hiyo ya kufunga huponya makosa mengine mawili: `SELECT DISTINCT` inayodai kila unachopangia kiwemo kwenye safu ulizochagua, na PostgreSQL inaposema safu haipo kwa sababu umelitumia jina la bandia uliloliweka kwa `AS` ndani ya `CASE`. Jina hilo likisimama peke yake kwenye `ORDER BY` linakubalika. Ndani ya hesabu halitambuliki.

## Ukurasa wa pili unarudia vituo vya ukurasa wa kwanza

Na vingine havionekani kurasa zote. Umepanga kwa ngazi tu, na zahanati mia moja na ushee zina uzito ule ule wa 6. Kati yao kanzidata iko huru kuzitoa vyovyote, na `LIMIT 20 OFFSET 20` (ruka 20, toa 20 zinazofuata) inaweza kuzichanganya tofauti na ilivyofanya kwa ukurasa uliotangulia. Malizia kila `ORDER BY` yenye kurasa kwa kitu kisichojirudia: `ORDER BY n.nafasi, v.jina, v.id`. Hata jina halitoshi, kwa kuwa zahanati zinazoitwa Majengo ni nyingi.

## Ni sahihi, ila inachukua muda

Kwa mistari mia mbili usijisumbue. Kwa milioni, `CASE` na `FIELD` hazitumii faharasa ya kawaida ya safu, kwa hiyo kila mstari unapimwa upya. Tazama `EXPLAIN`: MySQL itaandika `Using filesort`, PostgreSQL, ukitumia `EXPLAIN ANALYZE`, itaandika `external merge` kama kumbukumbu ya `work_mem`, ambayo kwa kawaida ni MB 4, haikutosha na kazi ikahamia kwenye diski. PostgreSQL, na MySQL kuanzia 8.0.13, zinaruhusu faharasa juu ya hesabu yenyewe. Lakini mara nyingi dawa ni kuweka namba ya `nafasi` kwenye jedwali lenyewe na kuiwekea faharasa.

## SQL ni sahihi, skrini si sahihi

Chukua swali lako, liendeshe peke yake kwenye `psql` au kwenye dirisha la MySQL. Kama huko limetoka sawa, acha kuisumbua kanzidata. Mtu mwingine anapanga upya njiani. Nimewahi kupoteza mchana mzima kabla ya kugundua kwamba aliyeandika ukurasa alizipokea rekodi akazitia kwenye kifurushi cha JavaScript chenye funguo za `id`. Funguo zilizo namba nzima huko hutolewa kuanzia ndogo kwenda kubwa, hata ungeziingiza vipi. `jsonb` ya PostgreSQL nayo haitunzi mfuatano wa funguo. `groupby` ya pandas, maktaba ya Python, hupanga makundi kwa alfabeti usipoiambia `sort=False`. Na yale majedwali ya kwenye kurasa za wavuti yenye vishale vya juu na chini, baadhi yake hupanga safu ya kwanza yenyewe ukurasa unapofunguka.

Tuma rekodi kama orodha, na kila rekodi iwe na `nafasi` yake. Hapo yeyote atakayezivuruga njiani ataweza kuzirudisha.